Jinsi ya kupima na kusoma ufukwe wa Dar es Salaam maji yakipwa

Kila kiumbe wa ufukweni anakaa pale anapoweza kuvumilia saa za ukavu, jua na chumvi. Kwa hiyo usianze kwa kutafuta majina ya konokono. Anza kwa kupima kimo cha ufukwe. Vimo vikishapatikana, mpangilio wa viumbe unajieleza wenyewe.

Chagua bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa zaidi, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Dar es Salaam wakati huo maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu tofauti hubaki karibu mita 1 tu, na sehemu za chini hazifunuki. Soma jedwali la maji la bandari, na uhakikishe limeandikwa kwa saa za Afrika Mashariki. Likiwa la saa za Greenwich, utafika saa tatu nzima kabla ya wakati na kukuta maji bado mengi. Upepo mkali wa kutoka baharini nao huyazuia maji yasipwe hadi kiwango kilichoandikwa.

Vifaa ni fito mbili zilizonyooka za sentimita 150, zilizowekwa alama kila sentimita kuanzia juu kwenda chini, na kamba ya mita 2 isiyovutika ya kuziunganisha. Kwenye kila ufito ning'iniza timazi, yaani uzi wenye uzito wa kuonyesha wima, kwa sababu ufito ukiinama kidogo tu kosa linajilimbikiza kila hatua. Sehemu ya mchanga au tope, weka kifuniko cha kopo chini ya ufito usizame.

Mahali pazuri pa kuanzia ni miamba ya Oysterbay, pale Coco Beach, kwa sababu upeo wa bahari uko wazi upande wa mashariki. Fika muda wa saa mbili kabla ya maji kufika chini kabisa. Simamisha ufito wa kwanza juu, penye alama isiyohama, kisha mwenzako ashuke na wa pili mpaka kamba inyooke. Ukiwa nyuma ya ufito wa juu, sogeza jicho mpaka ncha ya juu ya ufito wa chini ilingane na upeo wa bahari. Soma namba ambapo mstari huo wa jicho unakata ufito wako: hizo ndizo sentimita ambazo ufukwe umeshuka. Hamia alipo mwenzako, rudia hivyo mpaka chini, na ujumlishe sentimita za kila hatua. Ikiwa mbele kumeinuka, tazama kutoka ncha ya juu ya ufito wako hadi upeo, usome ufito wa mwenzako, na utoe badala ya kujumlisha. Penye ukuta wa mwamba ulio wima, pima kwa utepe moja kwa moja.

Fika ukingo wa maji saa ileile ya jedwali. Tuseme jedwali linasema mita 0.3, na mahali fulani pako mita 2.9 juu ya ukingo huo. Basi pako mita 3.2 juu ya sifuri ya jedwali. Linganisha na siku za maji mafu kwenye jedwali hilohilo, utaona kwamba mahali hapo hapafikiwi na maji kwa siku kadhaa mfululizo, isipokuwa rasharasha za mawimbi. Hapo ndipo utakuta konokono wadogo waliojifunga kwa kifuniko chao, wametunza maji ndani ya gamba.

Chini yao unaanza mkanda wa chaza wa mwamba. Mpaka wake wa juu umewekwa na ukavu, ila wa chini mara nyingi huwekwa na viumbe wengine: konokono wanaotoboa magamba, na mwani unaogombea nafasi. Pima mipaka yote miwili. Mwamba wenyewe ni matumbawe ya kale, yaliyoota zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Mawimbi, chumvi na viumbe wanaokwangua huula kwa chini na kuacha paa linaloning'inia. Paa hilo huanguka bila taarifa, usikae chini yake.

Kwenye jukwaa tambarare lenye vidimbwi, tumia fremu ya sentimita 50 kwa 50 ya mabomba membamba ya maji, yaliyotobolewa yasielee. Funga nyuzi kila sentimita 10 upate vyumba 25. Kila chumba chenye mwani ni asilimia 4. Dondosha fremu kwa umbali uliopangwa, kila mita 5 kwa mfano. Ukichagua penye kupendeza, hesabu yako itadanganya. Jiwe ulilogeuza lirudishe lilivyokuwa, maana viumbe wa upande wa chini hufa juani.

Vaa viatu vya soli ngumu. Penye nyasi za bahari buruta miguu ili samaki aitwaye taa akimbie kabla hujamkanyaga. Usiokote konokono wa umbo la pia, baadhi yao wana sumu inayoua. Maji yakianza kurudi, ondoka ukingoni: kwa tofauti ya mita 3.2, saa ya kwanza huinuka kama sentimita 27, ya pili 53, ya tatu 80.

Kwenye mikoko ya Kunduchi upeo hauonekani. Tumia mpira mwembamba wa bomba unaopitisha mwanga, uliojaa maji, kama mafundi ujenzi wanavyotafuta usawa, na utoe mapovu yote kwanza. Mlilana, wenye mizizi minene iliyochongoka, huelekea baharini. Aina iitwayo mkoko hufuata, kisha mkandaa. Mchu, wenye mizizi kama penseli, utaukuta nyuma na wakati mwingine hata mbele kabisa.

Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975. Huko pima na piga picha, usichukue hata gamba tupu.

Mchanga wa Kunduchi huhama kati ya kaskazi na kusi, kwa hiyo pima mstari uleule Februari na Agosti, ukianzia alama ileile iliyo mbali na ukingo unaoliwa.