Dondoo la trafli za jangwani: ulivyokamua ndo kunaamua utapata nini

Watu wakipata trafli za jangwani, yaani uyoga wa aina za Terfezia na Tirmania unaoota chini ya mchanga Afrika Kaskazini na Uarabuni mvua ikinyesha vizuri, wanakimbilia kuuliza zinaua bakteria au antioksidanti zake (vitu vinavyokinga seli zisiharibiwe na oksijeni) zikoje. Uliza kwanza zilikamuliwaje, yaani dondoo lilitolewa kwa kiyeyushi gani (kimiminika kinachoyeyusha vilivyomo). Trafli ileile ukiitia maji unapata kitu kimoja, ukiitia ethanoli unapata kingine, halafu mtu anakuja kulinganisha majibu ya huku na huku kama vile ni dawa moja, inaniuma sana hii.

Anza na usafi. Mchanga unajificha kwenye mikunjo ya ganda, sugua kwa brashi laini chini ya maji yanayotiririka, fanya haraka na usiloweke maana vinavyoyeyuka majini vitaondoka kabla hujaanza kazi. Mchanga ukibaki unaongeza uzito na hesabu zako zote za kwa gramu zinaharibika. Kama unamenya menya zote, kama humenyi usimenye hata moja, ganda na nyama ya ndani havifanani. Kata vipande vyembamba, kausha kwa nyuzi 40 hivi, saga unga laini kabisa, kwa sababu kuta za seli zake zina kitini, kitu kigumu kama kile cha maganda ya wadudu, na chembe zikiwa kubwa kiyeyushi hakipenyi.

Sasa kiyeyushi, hapa ndo penyewe. Unatafuta fenoli, kundi la antioksidanti? Ethanoli ya 70% inafaa kuanzia, yaani gramu 1 ya unga kwa mililita 10 hadi 20, na hayo maji kidogo ndani yake yana kazi yake, ethanoli tupu inaacha nyingi nyuma. Unatafuta polisakaridi (minyororo mirefu ya sukari) kama betaglukani basi tumia maji ya moto, nyuzi 90 kwenda juu kwa saa 2 au 3, chuja, punguza maji, mimina ethanoli mara 3 au 4 ya ujazo uweke kwenye friji usiku kucha, asubuhi zimetuama chini. Ergosteroli (mafuta ya kuta za seli za uyoga, kama kolesteroli yetu) na mafuta mengine chukua heksani, kiyeyushi cha mafuta. Protini na enzaimu usizipashe moto kabisa.

Mashine ya Soxhlet, inayopitisha kiyeyushi kwenye sampuli tena na tena, inakamua nyingi lakini sampuli inakaa kwenye joto masaa, vitamini C haiponi hapo. Altrasauti, yaani mawimbi ya sauti usiyoyasikia, dakika 20 hadi 30 inatosha, ila beseni lake la maji linapata moto lenyewe bila wewe kugusa kitu, tia barafu. Na dondoo kuwa jingi sio kuwa na nguvu, linaweza kuwa zito kwa sababu limejaa sukari tu! Kwa hiyo andika mavuno (uzito wa dondoo ulilopata), halafu andika nguvu kwa gramu ya dondoo na kwa gramu ya unga mkavu, zote mbili.

Kwenye kipimo cha Folin, kile cha kupima fenoli kwa rangi, kuwa makini, kinashika hata sukari na vitamini C kikazihesabu kama fenoli. Kwa bakteria weka kisahani chenye kiyeyushi peke yake, usije ukaisifia trafli kumbe aliyeua ni DMSO, kiyeyushi ulichoyeyushia dondoo.

Uarabuni maji ya trafli yametumika kwa macho tangu zamani, lakini dondoo la maabara sio hayo maji, hasa la methanoli ambayo ni sumu inayopofusha, usilitie jichoni wala mdomoni hata kama umelikausha mara ngapi.