Somo: Namna makaa ya mawe na kuni vinavyoungua pamoja ndani ya boila

Somo hili nawaandikia wanaotunza boila ndogo (mitambo ya kuchemsha maji yawe mvuke) za kulishwa kwa beleshi hapa Mombasa, ambao wameanza kuchanganya makaa ya mawe na kuni ili kupunguza gharama.

Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba kuni huungua zaidi zikiwa gesi, ilhali makaa ya mawe huungua zaidi yakiwa kitu kigumu. Kuni kavu zikifikia joto la nyuzi 250 hivi za Selsiasi hutoa gesi kwa wingi, na kiasi cha asilimia 80 ya uzito wake huondoka kwa njia hiyo. Makaa ya mawe ya kawaida hungoja karibu nyuzi 400, hutoa gesi ya asilimia 20 hadi 40 tu, na kinachobaki ni kaboni inayoungua polepole juu ya fito za chuma zinazobeba moto.

Hatua ya kwanza ni kukausha kuni. Mti uliokatwa karibuni huweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, na kila kilo ya maji hula takriban megajuli 2.6 (megajuli ni kipimo cha nishati ya joto) ili kuwa mvuke unaopotelea dohani. Pasueni magogo, myapange juu ya vipingili chini ya paa panapopita upepo, kwa maana rundo lililoachwa wazi wakati wa masika hurudi kuwa bichi.

Hatua ya pili ni kupima kwa mizani. Wengi hupima kwa karai, karai moja la makaa kwa karai moja la vipande vya mbao, wakadhani kwamba wamechanganya nusu kwa nusu. Sivyo. Karai la makaa ya mawe lina uzito unaozidi mara tatu ule wa vipande vya mbao, na kila kilo ya makaa hutoa kiasi cha megajuli 25, ambapo kuni zenye unyevu wa asilimia 20 hutoa 15 hivi. Kwa kipimo hicho cha karai, kuni huleta chini ya sehemu moja kwa tano ya joto lote. Hata mkichanganya kwa mizani asilimia 20 za kuni, joto linalotokana nazo ni asilimia 13 tu.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo roho ya somo hili, ni kugawa hewa. Washeni kwanza kuni hadi zishike vizuri, kisha mtandaze makaa ya mawe kidogo kidogo mpaka tandiko lote, yaani tabaka la moto lililo juu ya fito, liwe jekundu. Kuanzia hapo, joto la makaa ndilo litakalowasha kuni zitakazofuata. Makaa yanataka hewa ipitayo chini ya fito. Gesi za kuni zinaungulia juu ya tandiko, kwa hiyo zinataka hewa iingiayo juu yake, nayo ichanganyike nazo kabla hazijagusa mirija ya boila, iliyo baridi kuliko moto. Hewa ya chini pekee haitoshi hata mkiizidisha: itapeperusha majivu na cheche, na moshi mweusi utaendelea kutoka. Lisheni kidogo na mara kwa mara, kwani beleshi kubwa la kuni juu ya tandiko jekundu hutoa gesi yote kwa mkupuo, ikazidi hewa iliyopo. Moshi mweusi ukitokea, fungueni zaidi kilango cha hewa ya juu. Majivu yakishuka na makaa yasiyoungua, angalieni hewa ya chini, na msikoroge tandiko mapema.

Changanyeni karibu na wakati wa kuchoma. Rundo la makaa ya mawe lililochanganyika na kuni mbichi na kukaa muda mrefu huweza kupata joto lenyewe na kuwaka.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, twapata mbao za mashua zilizochakaa kwa bei nafuu. Je, zafaa?

Jibu: Hazifai, ndugu yangu, hata zikikauka kabisa. Chumvi ya bahari iliyomo ndani yake hutoa klorini inayokula mirija, na sodiamu yake huyafanya majivu yayeyuke na kugandamana juu ya fito. Rangi za zamani nazo huweza kuwa na risasi. Chagueni mvinje au mwembe usiopakwa kitu.

Swali: Je, kuni hupunguza ile harufu kali ya kiberiti?

Jibu: Naam, kwa sababu kuni zina salfa, yaani hicho kiberiti, kidogo sana, na kalisi iliyomo katika majivu yake hunasa sehemu ya salfa ya makaa.

Swali: Shikamoo, fundi. Naweza kuchanganya hivyo katika jiko langu la nyumbani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Tafadhali usifanye hivyo. Jiko la mkaa halina dohani, na monoksidi ya kaboni haina harufu. Humwua mtu akiwa usingizini. Makaa ya mawe huongeza pia gesi ya salfa ndani ya nyumba.

Swali: Tuanze na kiasi gani cha kuni?

Jibu: Someni kwanza maelekezo ya mtengenezaji wa boila. Yakiruhusu, anzeni na asilimia 10 kwa uzito, mkiangalia presha ya mvuke, rangi ya moshi na majivu kwa zamu nzima, na msiongeze kabla vyote vitatu havijatulia.