Mtandao wa shule za halmashauri: anza kwa kutenganisha maabara na ofisi

Nilipokabidhiwa mitandao ya shule za sekondari za serikali katika halmashauri yetu, nilianza kwa kukaa kwenye kiti cha mwanafunzi, maabara ya kompyuta, nikafungua orodha ya kompyuta zilizo hewani. Dakika mbili baadaye nilikuwa nasoma mtihani wa kidato cha pili ambao haujafanywa. Mwalimu wa taaluma alikuwa amelifungua folda lake kwa kila mtu ili aprinti kutoka chumba cha pili. Hapakuhitajika mdukuzi yeyote.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia ndani ya shule. Natumia ruta za MikroTik zenye usanidi wa kiwandani, maana ndizo ninazokutana nazo sana.

Hatua ya 1: Zunguka na daftari

Andika kila ruta, swichi, printa na kamera, na nani anajua nywila yake. Lazima utakuta kifaa kisicho na mwenyewe. Mimi nilikuta ruta ndogo ya Wi-Fi juu ya kabati, mwalimu kainunua kwa hela yake. Usimgombeze. Alikuwa na shida ya mtandao na hakuna aliyemsikiliza.

Hatua ya 2: Funga milango ya ruta

Weka nywila ndefu, kisha sasisha RouterOS, mfumo endeshi wa ruta hizi. Mwaka 2018 kasoro ya Winbox, programu ya kusimamia ruta hizi, ilimwezesha mtu wa nje kusoma faili la nywila bila kuingia. Marekebisho yalitolewa Aprili mwaka huohuo, lakini miezi kadhaa baadaye ruta nyingi ambazo hazikuguswa, hasa Brazili, ziligeuzwa mashine za kuchimba sarafu za kidijitali.

Zima huduma usizotumia, kwa kuandika amri hii kwenye Terminal ya Winbox:

`/ip service disable telnet,ftp,www,api,api-ssl`

Kisha ruhusu Winbox kutoka ofisini tu:

`/ip service set winbox address=192.168.88.0/24`

Hiyo 88 ndiyo anwani ya kiwandani. Kama ofisi yako inatumia nyingine, badilisha kabla hujabonyeza Enter, la sivyo Winbox itakukatalia kuingia kwa anwani ya IP.

Hatua ya 3: Tenganisha

Hapa ndipo kazi ilipo. Wengi hudhani lazima wanunue swichi ya bei kubwa yenye VLAN (uwezo wa kugawa swichi moja kuwa mitandao kadhaa). Ruta yenye poti tano inatosha: ya 1 intaneti, ya 2 ofisi, ya 3 maabara, ya 4 Wi-Fi ya walimu. Tatizo ni kwamba kiwandani poti zote za ndani huwa zimeunganishwa kwenye briji moja, yaani ni mtandao mmoja. Itoe ya maabara (poti ya 3, ambayo ruta huiita ether3) na uipe anwani zake:

`/interface bridge port remove [find interface=ether3]`
`/ip address add address=192.168.20.1/24 interface=ether3`

Nenda IP, DHCP Server (inayogawa anwani kwa kompyuta), bonyeza DHCP Setup, chagua ether3. Ikifika kwenye DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) andika 1.1.1.3 na 1.0.0.3, huduma ya Cloudflare inayozuia tovuti za ngono na zenye virusi. Mwanafunzi mwenye VPN (programu inayoficha mawasiliano yake) atapita, hilo tusidanganyane, lakini wengi watazuilika. Usiweke anwani ya ruta yenyewe kama DNS: ether3 haimo kwenye orodha ya LAN (poti za ndani ambazo ruta inaziamini), kwa hiyo faiwoli, kizuizi cha ruta, itakataa, na utapoteza asubuhi nzima ukishangaa kwa nini kompyuta zina anwani lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Usiiongeze kwenye LAN. Ikibaki nje, maabara haiwezi kuingia kwenye mipangilio ya ruta.

Bado hujamaliza. Kugawa anwani hakuzuii kitu, kwa sababu ruta kazi yake ni kupitisha. Ongeza kanuni hii mwishoni:

`/ip firewall filter add chain=forward in-interface=ether3 out-interface=!ether1 action=drop`

Kama intaneti inatoka kwenye laini ya simu, badala ya ether1 andika lte1. Sasa rudi kwenye kile kiti cha mwanafunzi, upige ping (ujumbe wa kujaribu kama kifaa kinajibu) kwenye printa ya ofisi. Ikijibu, huenda kuna waya umechomekwa poti isiyo yake. Rudia hivyohivyo kwa ether4, kwa anwani tofauti.

Hatua ya 4: Akaunti

Wanafunzi watumie akaunti ya kawaida, si ya msimamizi. Kila mwalimu awe na nywila yake, na ile karatasi iliyobandikwa kwenye skrini itolewe.

Hatua ya 5: Nakala

Majina, alama na namba za simu za wazazi ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Nunua diski mbili za nje. Moja inakili Ijumaa kisha inachomolewa na kufungiwa kabatini, wiki inayofuata mnabadilishana na ya pili, ambayo hulala jengo jingine. Diski inayobaki imechomekwa inaweza kuharibiwa na kirusi pamoja na kompyuta yenyewe.

Kila muhula chukua faili moja kutoka kwenye nakala, lifungue kwenye kompyuta nyingine. Likigoma, huna nakala. Irudie hatua hii leoleo.