Mpwa anasubiri kwenda Ulaya: jinsi tulivyokitafuta kipaji chake

Mimi ni fundi viatu, Morogoro. Mwaka jana dada yangu aliniletea mwanawe wa miaka 24 aliyekuwa "anasubiri kwenda Ulaya" kucheza mpira. Wakala mmoja alishakula ada ya majaribio mara mbili, na majaribio yenyewe hayakuonekana. Leo kijana anakula kwa kazi ya mikono yake. Naandika tulivyofanya, pamoja na pale tulipopoteza miezi mitatu.

Hatua ya 1: Weka ndoto na kalenda mezani

Usimkatishe tamaa kwa maneno, mpe tarehe. Mshambuliaji Mbwana Samatta alijiunga na TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011 akiwa na miaka 18. Januari 2016 alisaini Genk ya Ubelgiji akiwa na 23, tayari ana kombe la Klabu Bingwa Afrika la 2015. Yaani kwa umri wa mpwa wangu, mwenzake alikuwa Ubelgiji. Na nyumbani? Ligi Kuu Bara ina timu 16. Hata kila moja ikisajili wachezaji 30, ni nafasi 480 nchi nzima, na humo humo wamo wageni. Tuliandika hesabu hiyo, akanyamaza. Na wewe nyamaza.

Hatua ya 2: Zungumza na mama yake

Dada yako unamjua mwenyewe.

Hatua ya 3: Tafuta kipaji kwenye daftari

Hapa ndipo tulipolala miezi mitatu, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa namuuliza, "Unapenda nini?" Kila siku jibu ni mpira. Akajaribu na yale maswali ya mtandaoni ya kukuambia wewe ni mtu wa aina gani. Alijibu seti tatu, zote zikasema amezaliwa kuwa kiongozi. Achana nayo.

Nunua kaunta buku. Programu ya simu sitaki hata kuisikia, maana akiishika simu anaishia kutazama mabao. Chora safu nne: nani ameniomba kazi, kazi gani, imechukua muda gani, amerudi tena? Ijazwe kila jioni kwa wiki nne. Sifa zisiingie humo. Mama atasifu, rafiki atasifu, lakini shahidi ni yule anayerudi na kiatu cha pili. Kazi za bure ziingie zote, hata zile ambazo yeye hazihesabu kuwa kazi, kwa sababu kipaji humtoka mtu kirahisi hadi hakioni. Mpwa wangu wiki ya kwanza hakuandika kitu. "Mjomba, sikufanya chochote." Kumbe siku hiyo hiyo alikuwa amewashonea wenzake njumu jozi tatu pembeni mwa uwanja, kwa shazia ya magunia! Kwa hiyo usimwachie daftari peke yake. Keti naye, umuulize leo mikono yake ilishika nini. Wiki nne zilipoisha tulikuwa na njumu jozi 11, mipira 3, zipu ya begi, na kandambili za bibi jirani.

Usishangilie bado. Kuna kazi mtu anaiweza kwa sababu shida imemfundisha. Mimi nachanganya zege vizuri sana. Nilibeba zege miaka minne, na aliyenifundisha ni njaa. Ili kutofautisha, mpe jambo jipya la jamii ileile utazame kasi yake. Nilimpa msharasi (chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi), uzi uliopakwa nta na vipande vya ngozi chakavu (ngozi nzuri usitoe, ataogopa kukosea), nikamwonyesha mshono wa sindano mbili mara moja tu. Siku ya pili mishono yake ilikuwa inalingana. Mimi ilinichukua kama miezi miwili, na nilikuwa nachapwa. Tena alifumua mstari mzima bila kuambiwa kwa sababu tundu moja lilikwenda kando; mimi sikuliona mpaka nilipovaa miwani. Hiyo ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote: jicho linaloudhiwa na kasoro ambayo wengine hawaioni.

Asipoonyesha hayo, rudi kwenye daftari uchukue kazi inayofuata kwa kuombwa mara nyingi. Usimsukumie ufundi wako kwa sababu tu una banda na vifaa. Hilo nililiogopa, ndiyo maana jaribio la pili nilimwomba fundi mwenzangu alisimamie nami nikaenda zangu sokoni.

Hatua ya 4: Amuuzie asiyemjua

Kandambili za ngozi za kwanza aliziuza shilingi 15,000, akarudi anacheka. Alihesabu ngozi, soli na gundi, akasahau saa sita alizokaa chini. Siku hizi saa zake zinaandikwa kwanza.

Hatua ya 5: Cheti

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa cheti, bila kuanza darasani upya. Aende akishapata wateja.

Hatua ya 6: Mpira aendelee nao

Ukimnyang'anya mpira atakuchukia wewe na msharasi wako. Wa kwangu bado anacheza ndondo kila Jumamosi, namba saba. Filimbi ya mwisho ikilia, wapinzani humfuata na njumu zao mkononi.