Kufungua soketi kwa asembli kwenye ARM: kutoka tangi la paani hadi kwa keateka

Habari zenu. Kwenye ploti ninakoishi Umoja maji huja kwa zamu, na keateka wetu alikuwa akipanda orofa tano kila asubuhi kuchungulia tangi. Nikanunua kihisi Luthuli Avenue, nikakifunga kwenye Raspberry Pi Zero W, kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM, kisha nikataka kipimo kishuke chenyewe hadi kwenye kompyuta iliyo chumbani mwake. Lugha ya C ingetosha kufungua soketi, yaani mlango ambao programu hutumia kuwasiliana kwenye mtandao. Lakini nilitaka kuona kwa macho yangu programu inamwambia nini keneli, yaani kiini cha Linux, na asembli, lugha iliyo karibu kabisa na mashine, haikufichi kitu.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kwenye Linux ya ARM ya biti 32, namba ya mwito (ombi unalompa keneli) hukaa kwenye rejista r7, kisanduku cha namba ndani ya prosesa, vigezo huanzia r0, kisha unaandika `svc #0`. Jibu hurudi kwenye r0, na rejista nyingine hubaki kama ulivyoziacha. Jibu likiwa hasi, hilo ni kosa, na namba yake ndiyo inayokueleza ni kosa gani. Msiruke kuiangalia hata mara moja.

Kwanza, anwani. Hapa ndipo nilipopoteza jioni mbili, kwa hiyo twende polepole. Keneli inataka baiti 16: mbili za aina ya mtandao, mbili za poti (namba ya programu inayosikiliza kwenye mashine), nne za IP (anwani ya mashine yenyewe), na nane za sifuri.

```
.data
anwani:
    .hword 2              @ AF_INET
    .byte  0x1F, 0x90     @ poti 8080
    .byte  192, 168, 1, 20
    .space 8
ujumbe: .ascii "TANGI 62\n"
```

Mara ya kwanza niliandika `.hword 8080`. Ilionekana sawa kabisa. Kumbe ARM yetu huhifadhi baiti ndogo mbele, ilhali mtandao husoma baiti kubwa kwanza. 0x1F90 ikageuka 0x901F, na kifaa changu kikawa kinabisha hodi poti 36895 ambako hakuna mtu. Nilikuja kuligundua nilipoendesha programu chini ya `strace`, zana inayoonyesha kila mwito, nikaiona 36895 imeandikwa waziwazi. Tangu siku hiyo poti naiandika baiti kwa baiti.

Pili, soketi, kuunganisha na kutuma.

```
.text
.global _start
_start:
    mov r0, #2            @ AF_INET
    mov r1, #1            @ SOCK_STREAM
    mov r2, #0
    ldr r7, =281          @ socket
    svc #0
    cmp r0, #0
    blt kosa
    mov r8, r0            @ tunza namba ya soketi

    ldr r1, =anwani
    mov r2, #16
    ldr r7, =283          @ connect
    svc #0
    cmp r0, #0
    blt kosa

    mov r0, r8
    ldr r1, =ujumbe
    mov r2, #9
    mov r3, #0x4000       @ MSG_NOSIGNAL
    ldr r7, =289          @ send
    svc #0
    cmp r0, #0
    blt kosa

    mov r0, #0
    b toka
kosa:
    rsb r0, r0, #0        @ geuza hasi kuwa chanya
toka:
    mov r7, #1            @ exit
    svc #0
```

Ile 0x4000 msiiondoe. Bila hiyo, upande wa pili ukishakata mawasiliano nawe ukaendelea kutuma, keneli huua programu yako papo hapo. Ukiiweka, unapata -32 na unaweza kujaribu tena. Soketi yenyewe hufungwa programu inapotoka. Kama programu yako inazunguka bila kutoka, ifunge kwa mwito namba 6.

Tatu, jaribu. Kwenye kompyuta inayopokea, andika `nc -l -p 8080`. Kwenye Pi:

```
as -o tangi.o tangi.s
ld -o tangi tangi.o
./tangi; echo $?
```

Ukiona 0, imefika. 111 maana yake umefika kwenye mashine lakini hakuna anayesikiliza poti hiyo. 14 maana yake umempa keneli anwani mbovu ya kumbukumbu.

Maswali ya wanachama

*Fundi, kwa nini `ldr r7, =281` na si `mov` kama kwenye exit? Nikiweka `mov` inakataa, lakini 284 ya listen inakubali!*

Umeona vizuri, kaka. Prosesa ya Pi Zero ni ARMv6. `mov` yake hubeba namba ya biti 8 tu, iliyozungushwa kwa hatua za biti mbili mbili. 284 ni 71 mara 4, kwa hiyo inaenea. 281 haienei. `ldr` yenye alama ya = huiweka namba kwenye kumbukumbu karibu na msimbo na kuisoma kutoka huko.

*Nimejaribu kwenye Linux ya biti 64, hata haikusanyiki.*

Huko namba zote ni nyingine, dada. Mwito hukaa x8: socket ni 198, connect 203, exit 93. Send haipo, tumia sendto, 206, ukiacha x4 na x5 zikiwa sifuri.

*Nina kidhibiti kidogo kisicho na Linux. Nitumie namba zipi?*

Hakuna. Bila keneli, `svc` hurukia msimbo ulioandika mwenyewe. Tafuta lwIP, maktaba ya TCP/IP ya vifaa vidogo, uite kazi zake.

*Mimi naandika seva. Nikiizima na kuiwasha tena, bind, mwito wa kuifunga soketi kwenye poti, inanipa 98.*

Poti bado inashikiliwa na mawasiliano ya awali. Kabla ya bind, ita setsockopt, 294, kuruhusu poti itumike tena: r0 soketi, r1 ni 1, r2 ni 2, r3 anwani ya neno lenye thamani 1, r4 ni 4. Kigezo cha tano kinakaa r4, ndiyo maana soketi naitunza r8. Ukiitunza r4, utaifuta kwa mkono wako, kisha bind itakurudishia kosa jingine kabisa.