Namna ya kuisoma picha ya zamani ya suti ya anga: anza na kiwiko, roketi baadaye

Zile picha za majarida ya miaka ya 50, jamaa kavaa suti ya fedha inang'aa, kichwani bakuli la kioo, nyuma yake roketi imesimama wima juu ya mwezi, watu wengi wakiziona macho yanakimbilia kwenye roketi. Mi nakuomba roketi uiache kwanza, tazama kiwiko. Afu goti, afu vidole. Mchoraji aliyeelewa suti ya anga ni kitu gani utamjua hapo hapo, na ambaye hakuelewa utamjua hapo hapo pia.

Kabla hujafungua picha yoyote fanya hiki kitu, ni dakika tano tu. Chukua glavu nyembamba ya mpira, ipulize mpaka ijae, ifunge mdomo hewa isitoke. Sasa jaribu kuvikunja vile vidole vishike kalamu. Vinakataa, ukiachia tu vinanyooka. Ndo shida yote ya suti ya anga hiyo. Nje hamna hewa, ndani lazima iwepo, kwa hiyo suti inajaa kama glavu yako, na kila ukikunja mkono unaipunguzia hewa nafasi na yenyewe inakusukuma urudi ulikotoka. Suti za Apollo, zile safari za Wamarekani kwenda mwezini, zilijazwa presha ya karibu robo tu ya hewa tunayovuta huku chini usawa wa bahari, tena oksijeni tupu, na bado wanaanga walirudi ndani ya chombo vidole vimechoka na kucha zinauma.

Ukimaliza glavu chukua baluni refu, lile la kusokotea wanyama kwenye sherehe za watoto, likunje katikati, linarudi. Halafu lifunge uzi kila baada ya sentimita mbili tatu litengeneze mabonge mabonge, likunje tena. Linakunjika kirahisi zaidi, maana linakunjikia kwenye vile viuno. Nilifanya hivi na mpwa wangu wa darasa la 4 akaniambia anko hii si kama kiwavi, na nilifurahi sana maana bila kujua alikuwa amefika alipofika Russell Colley.

Colley alikuwa injinia wa B.F. Goodrich, kampuni ya matairi ya Marekani. Mwaka 1934 alifanya kazi na rubani Wiley Post aliyetaka kuruka juu sana ambako hewa ni nyepesi mno. Suti ya kwanza ilipasuka kwenye majaribio, ya pili Post alikwama ndani ikabidi ikatwe ndo atoke, ya tatu ikafanya kazi, na hiyo iliundwa kwa umbo la mtu aliyekaa, sababu rubani anakaa na suti ikishajaa haikubali kugeuzwa umbo. Itafute picha yake, kofia ni kama ya mzamiaji wa zamani, chombo cha bati chenye kidirisha. Halafu mwaka 1943 Colley akiwa bustanini akamtazama kiwavi wa nyanya anavyojikunja, akaona pete pete za mwili zinamruhusu apinde bila kuhangaika, akaenda kutengeneza suti yenye mikunjo ya hivyo kwenye mikono na miguu. Miaka ya baadaye huyo huyo akafanya kazi kwenye suti za Mercury, zile za fedha za Wamarekani wa kwanza kwenda anga.

Basi sasa fungua picha yako uivute karibu. Kiwiko ukikikuta laini kama pajama, nguo imelala tu kwenye mkono bila mikunjo wala pete wala kamba, mchoraji alichora nguo, hewa aliisahau. Majalada ya hadithi za kubuni ya miaka ya 20 na 30 yamejaa hizo. Ukikuta mikunjo mikunjo kama lile bomba la plastiki chini ya sinki, huyo alielewa, au alipata mtu wa kumwelewesha. Na ukikuta suti ngumu ya chuma yenye viungo vya mviringo kama shujaa wa vita vya zamani usiidharau kabisa, wazo lake ni zuri, kitu kigumu hakivimbi, kwa hiyo kiungo kikikaa vizuri unakunja bila kupigana na hewa. Mwaka 1962 jarida la Life liliweka kwenye jalada suti ya mwezini ya Allyn Hazard, mwili wake ni kama kopo kubwa, na ilikuwa suti ya kweli ya majaribio wala siyo mchoro. Mwezini haikwenda lakini ukiiona utaelewa kwamba mwaka ule bado mtu hajajua suti ya mwezi itakuwa na sura gani.

Picha zenyewe utazipata wapi. Google Books wameskani Life, Popular Mechanics na Popular Science toleo kwa toleo, bure, na Internet Archive nako kuna mengi. Sisitiza upate ukurasa mzima, usiridhike na kipande kilichokatwa ambacho kimezunguka mtandaoni miaka kumi na tarehe za uongo, maana ukurasa mzima una mwezi na mwaka, una maelezo chini ya picha, una na matangazo ya magari na sigara pembeni yanayokusaidia kuhakikisha enzi. Andika mwaka kwenye jina la faili hapo hapo unapohifadhi. Bila mwaka picha haina maana, mchoro wa 1952 na wa 1962 ni dunia mbili tofauti, katikati yake kuna Sputnik, satelaiti ya kwanza, ya Oktoba 4, 1957 na Gagarin, mtu wa kwanza kwenda anga, wa Aprili 12, 1961. Na ukitaka kuzichapisha upya angalia haki zake, picha za NASA (shirika la anga la Marekani) nyingi ziko huru, michoro ya majarida mara nyingi siyo.

Ukiniuliza uanzie jarida gani nakwambia Collier's, bila kufikiria. Kuanzia Machi 22, 1952 mpaka Aprili 30, 1954 walitoa mfululizo wa makala za safari za anga, mhariri wake Cornelius Ryan, wataalamu wakiongozwa na Wernher von Braun, injinia wa roketi, wachoraji Chesley Bonestell, Fred Freeman na Rolf Klep. Utofautishe mikono yao. Bonestell alisomea ujenzi wa majengo, akachora pia mandhari za filamu Hollywood, kwake mtu ni kidoa tu chini ya milima mikali ya mwezi (milima yenyewe tulipofika tukaikuta ya mviringo, imesagwa na vimondo vidogo kwa mamilioni ya miaka). Freeman na Klep ndo wanakupasulia chombo uone ndani, kwa hiyo ukitafuta viungo na mabomba ya hewa nenda kwao. Na usome namba zao, Oktoba 1952 walipanga watu 50 kwenda mwezini na meli tatu, wakae wiki sita! Mwaka 1969 Apollo 11 ilishusha wawili, wakatembea nje kama saa mbili na nusu.

Baada ya viungo panda kwenye kofia. Watu hulisema vibaya lile bakuli la samaki lakini umbo la duara ndo linabeba presha vizuri kuliko yote, na kofia ya Apollo chini ya ile miwani ya dhahabu (kioo cha nje cha kukinga jua) ilikuwa bakuli kweli, la plastiki ngumu. Walichokosa wachoraji wengi ni miwani yenyewe. Jua la mwezini linaunguza macho, lazima ufunike, na ukifunika uso hauonekani, na mhariri wa jarida anataka msomaji aone uso. Tazama picha ya Aldrin wa Apollo 11 akiwa mwezini, uso hamna, badala yake unamwona mwenzake Armstrong, mpigapicha, amejiakisi kwenye kioo.

Mgongoni wachoraji wa zamani huweka mtungi wa oksijeni kama wa mzamiaji basi. Joto walilisahau karibu wote. Ndani ya suti jasho halina pa kwenda, Juni 1966 mwanaanga Gene Cernan alitoka nje ya Gemini 9, chombo cha Wamarekani kabla ya Apollo, akahangaika mpaka kioo chake kikajaa ukungu akawa haoni, ndo maana Apollo walivaa ndani nguo yenye vimirija vya maji baridi. Mchoro wa zamani wenye chochote cha kupoza mwili, hifadhi huo.

Rangi mi naiweka mwisho kabisa. Fedha ya Mercury ilitokana na tabaka la alumini, chungwa la Gagarin ni ili waokoaji wamwone haraka, na picha nyingi za wakati ule zilikuwa nyeusi na nyeupe, waliozipaka rangi baadaye walikisia.

Kitu kimoja cha huku kwetu, ukikuta kwenye majarida ya 1961 au 1962 ramani ya njia ya Mercury kuzunguka dunia, fuata ule mstari ukitoka Kano Nigeria uje mashariki, utakuta Zanzibar. Siyo kosa la uchapaji. NASA walikuwa na kituo pale Tunguu cha kufuatilia chombo na kuongea na mwanaanga kikipita juu, John Glenn mwenyewe alipita hapo Februari 20, 1962. Kilifungwa baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Mi kila nikiiona ile ramani nasimama hapo muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Ukishazunguka kote huko malizia na Alexei Leonov, mwanaanga wa Usovieti. Machi 18, 1965 alitoka nje ya chombo chake Voskhod 2 kwa dakika 12 hivi, mtu wa kwanza kufanya hivyo, suti ikavimba mpaka vidole vikatoka kwenye ncha za glavu na miguu ikaelea ndani ya viatu, hakuweza kuingia tena chomboni mpaka akafungua vali akashusha presha kutoka 0.4 hadi 0.27 ya presha ya huku chini. Ile glavu yako, yeye alikuwa ndani yake. Na Leonov alikuwa mchoraji. Alibeba penseli za rangi kwenye safari ile ile, kila moja imefungwa uzi isielee, akachora macheo yakiwa juu ya upeo wa dunia, na aliporudi akajichora mwenyewe anaelea juu ya Bahari Nyeusi. Iweke hiyo picha pembeni ya mchoro wowote wa Collier's wenye mtu nje ya chombo, uvute zote mbili ukubwa sawa, halafu anza tena na kiwiko.