Somo: Gari limekataa kuwaka? Anza na masikio

Wiki iliyopita niliitwa mtaa wa Section 58 hapa Nakuru saa kumi na mbili unusu asubuhi. Demio imekataa kuwaka, mwenyewe anaangalia saa kila dakika, na jirani keshatoa hukumu: betri imekufa, nunua nyingine. Nilifungua boneti, nikashika teminali ya hasi kwa vidole viwili. Ikazunguka kwenye nguzo yake kama kizibo cha chupa. Spana namba 10, nikakaza nati, akapiga stata, gari likanguruma.

Sasa fikiria angenunua hiyo betri mpya. Fundi angeifunga, angekaza nati vizuri, gari lingewaka, na wote wangeapa kwamba tatizo lilikuwa betri. Betri nyingi hapa Nakuru zinauzwa hivyo. Kwa hiyo leo nataka tujifunze kupima kabla ya kutoa pesa.

Hatua ya 1: Zima redio, funga madirisha, sikiliza

Otomatiki iwe kwenye P. Gari la klachi, kanyaga klachi mpaka chini; mengi hayapigi stata bila hivyo. Washa ufunguo, angalia taa za dashibodi, kisha piga stata mara moja, sekunde tatu au nne basi.

Dashibodi giza na kimya kabisa: umeme haufiki. Nenda kwenye betri na teminali.

Tak-tak-tak-tak ya haraka huku taa zikififia: umeme upo ila hautoshi. Betri imeisha au teminali ni chafu.

Tak! moja nzito kisha kimya, na taa bado ni kali: stata yenyewe, ama ethi (waya wa hasi unaounganisha betri, bodi na injini).

Taa kali lakini hata tak hakuna: weka N ujaribu tena. Likiwaka, swichi ya gia ndiyo inasumbua. Lisipowaka, angalia rilei ya stata (swichi ndogo ya umeme kwenye boksi la fyuzi).

Injini inazunguka vizuri lakini haishiki: betri haina hatia hapo. Ruka mpaka hatua ya 4.

Hatua ya 2: Betri, teminali na ethi

Hapa ndipo nataka tukae, maana ndipo wengi tunapopotea.

Nunua mita ya umeme, hata ile ndogo ya rangi ya njano. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 imeisha, ichajiwe kwanza ndipo uilaumu. Halafu mtu akupigie stata wewe ukiangalia mita: ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, betri imechoka, au kuna kitu kinachovuta kupita kiasi.

Kuhusu baridi: Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai mnazijua. Molo na Mau Summit ndiyo usiseme. Baridi hufanya oili kuwa nzito, na betri nayo hutoa nguvu kidogo. Lakini kinachoiua betri polepole ni joto. Betri iliyopikwa na jua la Kisumu miaka miwili inaweza kuendelea kuwasha gari kule bila malalamiko, mpaka siku mwenyewe atakapolala Molo.

Teminali zikiwa na unga mweupe au wa kijani, zifungue. Hasi kwanza, chanya baadaye, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche utakazosimulia wajukuu. Mwagia maji ya moto yenye baking soda, sugua kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, kausha, kaza, paka grisi au vaselini juu.

Sasa ethi. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii nilimnunulisha mzee mmoja wa Lanet betri mpya, nikamfungulia na stata tukabadilisha kaboni (vipande vinavyopitisha umeme ndani ya stata), na gari bado likapiga tak moja likanyamaza. Siku mbili nzima. Waya wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi ulikuwa umeoza ndani ya ganda lake. Kwa nje ulionekana mzima. Mzee hakunitukana, alinyamaza tu akilipa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kipimo chake ni hiki. Chukua waya mmoja mweusi wa jampa (nyaya za kuazima umeme wa gari lingine), bana upande mmoja kwenye nguzo ya hasi ya betri, upande wa pili bana kwenye chuma kitupu cha injini yenyewe. Piga stata. Ikizunguka kwa nguvu, ethi ndiyo mgonjwa.

Hatua ya 3: Jampa, na stata iliyokwama

Nyekundu kwenye chanya ya gari bovu, nyekundu kwenye chanya ya gari zima, nyeusi kwenye hasi ya gari zima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Betri hutoa hewa ya haidrojeni, hutaki cheche karibu nayo. Subiri dakika tano, piga stata, kisha toa kwa kurudi nyuma. Lori nyingi ni za volti 24, kwa hivyo ukikwama Salgaa usiazime umeme wa trela kuwashia Vitz.

Kama betri ni nzima, ethi ni nzima, na bado ni tak moja: weka P, vuta hendibreki, mtu apige stata huku wewe ukigonga bodi ya stata taratibu kwa mpini wa wili spana. Ikizunguka, kaboni zimeisha. Umepata safari ya kwenda kwa fundi, hujapata dawa.

Hatua ya 4: Inazunguka lakini haishiki

Kwanza mafuta. Usiamini geji, hasa gari likiwa limeegeshwa kwenye mteremko. Washa ufunguo bila kupiga stata, sikiliza kiti cha nyuma: magari mengi ya petroli yatatoa mvumo wa pampu kwa sekunde mbili hivi. Ukikosa, angalia fyuzi ya pampu, kisha rilei yake. Mara nyingi rilei ya honi ni ya namba ileile, zibadilishe nafasi ujaribu. Usiweke fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa, na karatasi ya sigara si fyuzi.

Pili, taa ya ufunguo. Ikimweta wakati unapiga stata, gari halikutambui. Jaribu ufunguo wa pili.

Ukisikia harufu ya petroli, injini imelewa. Kanyaga akseleta mpaka chini, piga stata sekunde tano. Kwenye magari mengi ya injekta kompyuta itakata mafuta na hewa itakausha. Usizidishe sekunde 10 kwa mkupuo, ipumzishe stata dakika moja.

Injini ikizunguka haraka na wepesi kuliko kawaida, kama haina kazi, acha hapo hapo. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na kila stata unayopiga inaweza kupinda valvu.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kondele:* Fundi, Probox yangu ikilala siku mbili bila kuguswa betri inaisha kabisa. Nishabadilisha betri mara mbili mwaka huu.

Kaka, usinunue ya tatu. Injini ikiwaka, pima betri: ikiwa kati ya 13.8 na 14.4, altaneta inachaji na shida ni umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Fungua hasi, weka mita kwenye upande wa ampia kati ya nguzo na waya, funga milango, subiri nusu saa, na usipige stata mita ikiwa hapo. Ikisoma zaidi ya miliampia 50, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Nusu ampia kwa saa 48 ni ampia-saa 24, na betri ndogo ya 40 haina pa kukimbilia. Ningeanza na redio na kifaa cha kufuatilia gari, chochote kilichofungwa na mafundi wa barabarani.

*Kutoka Ahero:* Nilipita kwenye maji ya mafuriko, yakafika kwenye bampa, gari likazima katikati. Nimelivuta nje. Nipige stata ama ningoje likauke?

Usipige! Fungua boksi la filta ya hewa kwanza. Filta ikiwa imelowa, maji yameingia kwenye silinda, na maji hayabanwi kama hewa. Stata itapinda konrodi, mkono unaoshika pistoni. Toa plagi zote, kata umeme wa koili na injekta, ndipo uzungushe maji yaruke nje kupitia matundu. Kama hujawahi kutoa plagi, vuta gari mpaka kwa fundi. Kukauka kwa jua hakutoi maji yaliyo ndani ya silinda.

*Kutoka Kakamega:* Hiyo otomatiki tukiisukuma vijana watano haiwezi kushika?

Hata muwe ishirini. Injini imezima, pampu ya mafuta ya giaboksi haifanyi kazi, kwa hivyo magurudumu hayawezi kuizungusha. Gari la klachi ndilo la kusukuma.

*Kutoka Molo:* Pikapu yangu ni dizeli. Asubuhi nazungusha mpaka nachoka, mchana inawaka mara moja.

Mzee wangu, hizo ni hita plagi, zile za kupasha silinda moto kabla ya kuwasha. Washa ufunguo, ngoja taa ya spring'i izime ndipo upige stata. Rudia mara mbili. Isipobadilika, zitolewe zipimwe moja moja. Iliyoungua haina mkondo kabisa kwenye mita.

*Kutoka Bungoma:* Yangu inakataa ikiwa moto. Nikitoka sokoni inazunguka tu haishiki, nikinywa chai nusu saa inawaka kama mpya.

Dada, mimi nashuku sensa ya krenki. Ikipata joto inapoteza mawasiliano, ikipoa inarudi, na kompyuta bila hiyo haijui wakati wa kutoa cheche. Lakini pampu ya mafuta iliyochoka nayo ina tabia hiyo hiyo, kwa hivyo usinunue chochote bado. Siku ikikataa tena, washa ufunguo usikilize mvumo nyuma, kisha uniambie kama pampu ililia na kama taa ya injini iliwaka.